Waya Mmoja

Wanaredio wa ridhaa hukiita kifaa hiki tyuna ya antena, lakini jina hilo linapotosha, kwa sababu antena yenyewe hakiigusi. Waya uliotundikwa mtini unabaki na urefu uleule na tabia ileile. Tyuna hukaa kati ya waya huo na transmita, na kazi yake ni kuifanya transmita ione omu 50 inazozitarajia, hata kama waya hauna habari na omu 50. Ni kazi ya mshenga: kila upande unasikia maneno unaoweza kuyakubali, na nguvu inapita. Na kama washenga wengine, tyuna hula kidogo njiani. Inachokila hugeuka joto, hasa kwenye koili.

Tyuna niliyoitengeneza mimi ilitoka kwenye banda la nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane, hapa Ohio ninakosomea shahada ya uzamili. Mumewe alikuwa mwanaredio maisha yake yote. Nyumba ilikuwa inauzwa, na watoto wao walikwisha kugawa vitu mafungu mawili: vya kuuza na vya kutupa. Sanduku la alumini lenye vitasa vitatu, lisilo na nembo ya kampuni yoyote, lilikuwa kwenye fungu la pili. Bibi huyo aliitafuta klabu ya redio ya chuo chetu, nami nikatumwa. Aliuliza jambo moja tu: bado linafanya kazi? Kama linafanya, liende kwa mtu atakayelitumia.

Mumewe alilijenga mwenyewe. Nilipotoa skrubu za kifuniko niliutambua mpangilio wake. Ni mchoro ambao Lew McCoy aliuchapisha katika jarida la QST la Julai 1970 na kuupa jina la Ultimate Transmatch. Kapasita ya kuingilia ina sehemu mbili kwenye mhimili mmoja. Sehemu ya kwanza hupeleka nguvu mbele, kwenye koili na kapasita ya kutokea; sehemu ya pili imefungwa kwenye ethi. Mchoro huo ulipendwa sana. Watu waliujenga majumbani, na watengenezaji wa tyuna za kuuza nao wakaufuata.

Matengenezo yalikuwa ya subira zaidi kuliko ya akili. Koili ni ya kuviringisha: waya mnene umezungushwa kwenye silinda ya kauri, na ukizungusha kitasa gurudumu dogo linatembea juu ya waya na kuchagua ni mizunguko mingapi itumike. Grisi ya mhimili ilikuwa imeganda kama gundi. Waya ulikuwa mweusi, na mtu asiyeujua angekimbilia msasa. Lakini waya huo umepakwa fedha, na msasa ungeiondoa. Nilitumia pamba na spiriti, mzunguko baada ya mzunguko, kwa jioni mbili. Mabamba mawili ya kapasita yalikuwa yanagusana, nikayanyoosha kwa ukingo wa kadi ya plastiki, nikihakikisha kwa mita kila mara.

Kilichonitia hofu ni kiungo cha kauri kati ya kitasa na mhimili wa kapasita. Kilikuwa na ufa. Katika mchoro huu fremu nzima ya kapasita iko upande wenye nguvu, si upande wa ethi, kwa hiyo kiungo hicho ndicho kinachozuia vidole vya mtumiaji visiungue. Kukiweka cha chuma kingezunguka vizuri kabisa, na kingeunguza mtu. Niliagiza kingine cha kauri.

Hapo kazi niliyoombwa ilikuwa imekwisha. Lakini nilikwisha kuona jedwali.

Ndani ya kifuniko, kwa penseli, mwenye sanduku aliandika alama za vitasa vyake kwa kila masafa: megahezi 3.8, 7.2, 14.2, 21.3, 28.5. Mistari minne ya chini imeandikwa mara moja tu, kwa mwandiko mnyoofu. Mstari wa 3.8 umefutwa na kuandikwa upya mara nyingi mpaka rangi ya alumini imechujuka. Namba ya mwisho ya kapasita ya kuingilia ni 100, yaani mabamba yameingiliana yote na hakuna pa kuendelea. Pembeni ya namba ya koili kuna neno moja: “moto”.

Nilijua anachosema. Sehemu ile ya pili ya kapasita, iliyofungwa kwenye ethi, iliaminika kuwa inasaidia kuzuia mawimbi ya ziada yasitoke hewani. Baadaye watu walikokotoa na kupima, wakaona haina msaada wa maana, na kwamba kwa baadhi ya antena inazidisha upotevu. Dawa yake inajulikana miaka mingi: ondoa waya mmoja unaokwenda kwenye ethi, unganisha sehemu mbili za kapasita ziwe kitu kimoja. Pikofaradi 200 zinakuwa 400. Kwenye masafa ya chini, kapasita kubwa ina maana ya koili kidogo, na koili kidogo ina maana ya joto kidogo.

Ila dawa hiyo ina bei. Waya ule ukiondoka, namba za penseli hazina kazi tena. Jedwali lote la mtu, pengine la jioni nyingi, linabaki mapambo.

Nilimpigia simu bibi, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo alikosea?”

Nilimwambia hapana. Alifuata mchoro ambao wengi waliuamini, akaujenga kwa mikono safi, na yeye mwenyewe aligundua pale pasipokaa sawa akaandika. Swali liko kwenye kifuniko. Jibu tu ndilo lililochelewa kumfikia.

“Usifute mwandiko wake,” alisema. “Mengine fanya.”

Sikulehemu. Nilikata kipande cha shaba nyembamba, nikakitoboa matundu mawili, nikakifunga kwa skrubu kati ya sehemu mbili za kapasita. Waya wa ethi niliufungua bila kuukata, nikaukunja na kuufunga kwa uzi pembeni mwa sanduku.

Kabla ya badiliko nilikuwa nimepima: wati 100 kwenye megahezi 3.8, nusu dakika, na waya wa klabu wa mita 25. Nilizima transmita kwanza, ndipo nikagusa koili, na nikautoa mkono haraka. Baada ya badiliko, wati zilezile, muda uleule, waya uleule. Kapasita ya kuingilia ilitulia kwenye 64, koili ilihitaji mizunguko michache kuliko awali, na mita ya nguvu inayorudi ikashuka hadi sifuri. Nilizima, nikagusa. Ilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani.

Usiku huo mwanaredio mmoja wa Kentucky alinijibu, akasema sauti yangu inafika safi. Tuliongea habari za mvua. Kesho yake nilimpigia bibi kumwambia, nikamuuliza kama anadhani mumewe angekubali.

“Angebisha wiki nzima,” alisema. “Halafu angechukua bisibisi.”

Sanduku liko klabuni sasa. Namba mpya nimeziandika kwa wino kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya zile za penseli, bila kuzifunika. Atakayetaka kulirudisha lilivyokuwa ana skrubu mbili za kufungua, na waya wa ethi upo palepale, umefungwa kwa uzi.