Kosa Si Lako, Ni la Fomu

Wadau, leo simu tuziache kando. Naongelea kompyuta ya mezani, ile ya saiba, na vile inaweza kukufanya ujione mjinga.

Nilikuwa nasaidia kwenye saiba moja hapa Sena, Mfangano. Mama muuza omena akavuka na boti kutoka Takawiri, kitambulisho amekifunga kwenye leso. Alikuwa anaomba mkopo wa nyavu. Fomu ilikuwa ya Excel, na mwisho wa kutuma ni saa kumi na moja jioni, siku hiyo hiyo.

Tukajaza yote. Nikabonyeza kitufe cha kuhakiki. Ujumbe ukatokea kwa Kiingereza: kuna kosa. Kosa liko wapi? Haikusema, na visanduku vilikuwa zaidi ya sitini. Tukarudia jina, namba ya simu, kila kitu. Mara ya nne mama akaniambia polepole, "Wuoda, labda ni mimi. Sikusoma sana."

Hiyo iliniuma. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na niliondoka nikiamini kichwa changu ndicho kibovu.

Kumbe ni tarehe ya kuzaliwa. Tuliweka nukta kati ya siku na mwezi, fomu ilitaka mkwaju. Nilipogundua, saa kumi na moja ilikuwa imepita kwa dakika ishirini.

Kuna jamaa aliitwa Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kukata, kunakili na kubandika, pale Xerox PARC miaka ya 1970. Alisema kila programu ina ugumu ambao huwezi kuuondoa. Swali ni nani ataubeba: aliyeiunda au anayeitumia?

Aliyeunda ile fomu angeubeba kidogo tu. Kisanduku kikubali nukta, ama kigeuke chekundu chenyewe. Hakuubeba. Ugumu ukavuka ziwa, ukamkalia mama: nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima bila kuuza.

Na programu nzuri zipo. Wiki hiyo hiyo stima ilipotea nikimwandikia mtu barua. Iliporudi, LibreOffice ikaniuliza kama irudishe kazi yangu. Haikunigombeza, haikunitaka niwe nimesoma.

Wala msiniambie ujumbe wa kosa hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Iliwezekana enzi hizo, sembuse leo.

Mama alikunja leso yake, akaniambia asante, akaenda kutafuta boti. Nilimwambia kosa halikuwa lake. Sijui kama aliniamini.

Sasa nakwambia wewe: fomu ikikukataa mara nne, kabla hujasema hukusoma, uliza nani aliitengeneza bila kukufikiria.