Do ya kwaya na do ya tarumbeta

Najua ni kitambo. Mara ya mwisho kuandika humu ilikuwa kabla ya UE, na tangu hapo ni msuli, kazi za vikundi, foleni ya kapeteria na kusubiri bumu. Mniwie radhi. Leo sina kichekesho cha hosteli. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumanne, na nisipokiandika sitasoma chochote wiki hii.

Jumanne usiku kuna dogo wa mwaka wa kwanza, chumba cha tatu kutoka kwetu, alikuja na tarumbeta kalitia kwenye mfuko wa Rambo. Anapiga na kwaya ya vijana kwenye kanisa fulani huku mjini.

"Kaka, nimesikia ulikuwa bendi ya shule. Hebu nisaidie. Mpiga kinanda anapiga C, na mimi napiga C, lakini tunagombana. Nimefua chombo, nimeweka mafuta, wapi. Nahisi ni kibovu."

Nikamwambia chombo chako kizima kabisa. Tarumbeta la kawaida ni la B flati. Wewe ukisoma C kwenye karatasi, kinanda kinasikia B flati, yaani toni nzima chini. Hilo bomba likinyooshwa lina urefu wa karibu mita moja na nusu, na urefu huo ndio unaoamua sauti inayotoka bila kubonyeza kitu. Vyombo vya jamii hiyo vina ukubwa tofauti, kwa hiyo watu wa zamani wakaona ni rahisi kubadilisha karatasi kuliko kubadilisha vidole. Mpigaji anahama kutoka chombo hiki kwenda kile, vidole ni vilevile, anayeandika karatasi ndiye anayehangaika. "Kwa hiyo," nikamwambia, "kinanda kikiwa C, wewe piga D. Pandisha toni moja."

Dogo akacheka kwa furaha, akaniita profesa, akaondoka. Ilichukua kama dakika mbili. Mimi nikarudi kitandani na sikulala mpaka nikasikia adhana ya alfajiri.

Ngoja niwaeleze kwa nini.

Nilisoma O-level huko Kilimanjaro, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Tulikuwa na kipindi cha muziki Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Mwalimu wetu aliajiriwa kufundisha Jiografia. Muziki aliufundisha kwa mapenzi tu. Kwaya, watu arobaini na kitu, walikaa bwaloni. Bendi tulikuwa tisa, tulikaa nyuma ya stoo ya jembe na fagio ili tusimchefue mkuu wa shule. Mwalimu alikuwa akikimbia huku na huku, chaki mkononi.

Kwaya walisoma kwa do-re-mi. Si unajua yale makaratasi yenye herufi d, r, m, f na nukta katikati? Mfumo ule ulianzia Uingereza karne ya 19, kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, kisha John Curwen akaurekebisha na kuueneza, na wamisionari wakaubeba mpaka huku. Raha yake ni kwamba do inahama. Ukiambiwa "do ni F", basi kila kitu kinahesabiwa kutoka F. Kesho ukiambiwa do ni G, nyumba ni ileile, umehamia kiwanja kingine tu. Mwalimu alianza na besi siku zote. Alisema nyumba haianzii kwenye bati. Besi wakishika, wanaingia tena, halafu alto, na soprano mwisho, wakilalamika kwamba wamechoka kusubiri.

Bendi sisi tulisoma nota za mistari mitano. Mwezi wa kwanza hatukugusa hata tarumbeta. Tulikuwa tunatetemesha midomo kama farasi, bwalo zima linatucheka. Tulikuwa na matarumbeta matatu, ngoma ndogo nne, ngoma kubwa moja, na mtu mmoja wa matoazi. Tromboni ilikuwepo, ila mkono wake ulikwama tangu sisi hatujazaliwa.

Sasa kule kwaya kulikuwa na jamaa yangu. Tulimwita Besi, kwa sababu ya sauti yake, na mpaka leo kuna watu hawajui jina lake halisi. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Huyu mtu alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena: sauti ilikaa kichwani mwake. Unamwambia, "Besi, toa F," anafumba macho kidogo, anaitoa. Unaenda kwenye kinanda unabonyeza, ni hiyohiyo. Tulikuwa tunamwekea dau la maandazi, na watu wengi walilala njaa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo mwalimu alimpa kazi ya kuongoza kwaya na kutoa sauti kabla ya wimbo.

Oktoba 2019 ilikuwa mahafali ya kidato cha nne. Sisi tulikuwa cha tatu. Mwalimu akaamua kwamba kwa mara ya kwanza wimbo wa taifa utapigwa na bendi na kuimbwa na kwaya kwa pamoja. Mpaka siku hiyo bendi tulikuwa tunapiga peke yetu kwenye gwaride, kwa hiyo hakuna aliyejali tunaanzia wapi.

Mwalimu aliupenda sana ule wimbo. Alituambia kwamba aliyeutunga tuni yake, Enoch Sontonga, alikuwa kama yeye tu, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya, na aliitunga mwaka 1897. "Mwalimu wa kwaya ya shule," alisema, "na leo marais wanasimama." Alisema hivyo huku amenyooka kama yuko gwarideni.

Akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa matarumbeta. Akanipa karatasi ya kwaya, do ni F. "Wanakilie wenzako. Lakini usinakili hivyohivyo. Pandisha toni moja, ianzie G. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa maneno, sababu sikuielewa. Na jioni ile kulikuwa na mechi ya bweni kwa bweni. Nikaona huku kupandisha ni kazi ya kujitakia, nota moja moja, wimbo mzima. Nikanakili kama ilivyo. Dakika kumi nikawa uwanjani.

Mazoezi ya pamoja yalipangwa Ijumaa. Ijumaa bwalo likawa linapakwa rangi. Tukaambiwa tutaonana Jumamosi palepale.

Jumamosi, wazazi wamejaa, turubai limefungwa, mgeni rasmi amefika. Wote wakasimama. Besi akatoka mbele na shati lake jeupe lililopigwa pasi ya mkaa. Akafumba macho, akatoa sauti nne taratibu. Akanyanyua mkono. Tukaingia.

Dah. Sijui niwaambieje. Sisi tulikuwa toni nzima chini yao. Ukisikiliza redio mbili za jirani wawili wanaochukiana, ndivyo ilivyokuwa. Soprano wakasikia tarumbeta wakaanza kuteleza kushuka. Tena wakabaki juu. Besi wenyewe wakagawanyika. Rafiki yangu aligeuza kichwa akaniangalia, hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta ngazi ya mwisho haipo. Huko nyuma mtu akacheka. Mwalimu akatupungia mkono tunyamaze, matarumbeta tukashusha, kwaya ikamaliza ubeti wa pili ikichechemea. Mgeni rasmi alisimama wima muda wote, Mungu ambariki.

Baada ya chakula mwalimu akatuita sisi wawili nyuma ya stoo.

Akaniuliza mimi kwanza. "Ulipandisha?"

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Ni hivyo tu. Maneno mawili na heshima juu yake.

Akamgeukia Besi. "Ulitoa sauti kutoka wapi?" Besi akasema, "Kichwani, mwalimu. Ilikuwa F." Mwalimu akatikisa kichwa. Hakuwa mkali, na ndiyo mbaya zaidi. Akasema, "Mwanangu, chuma hakibadiliki. Koo ndilo linalobadilika. Ulikuwa na mchecheto." Besi akajaribu kusema kitu, akaacha. Nilimwona anaanza kuamini.

Usiku ule nilichukua ufunguo wa chumba cha muziki. Kulikuwa na kinanda kidogo cha betri. Nikapiga nota ya kwanza ya karatasi yangu, nikaitafuta kwenye kinanda. Ilikuwa kile kitufe cheusi katikati ya D na E. E flati. Nikapiga G. Kinanda kikasema F. Nikakaa pale na tarumbeta magotini. Nilikuwa na ushahidi wote. Nikarudisha ufunguo, nikapanda kitanda cha juu, na chini yangu nikasikia kwamba yeye pia hajalala.

Wiki iliyofuata kinanda kikahamishiwa kwaya, sauti zikawa zinatolewa kwa betri, na kiongozi akawekwa mwingine. Besi alibaki mstari wa nyuma mwezi mmoja hivi, kisha akaacha, akasema anataka kukazana na Hesabu. Zamani alikuwa anaimba bombani asubuhi, mabweni yote yanaamka naye. Akaacha. Siku moja mtu akamwambia, "Besi, toa F, nina andazi hapa." Akajibu, "Siku hizi sina hakika."

Nilipata nafasi nyingine ya kusema. Tukiwa cha nne, mwalimu alimleta mzee mmoja wa matarumbeta ya usharika atufundishe. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Wajerumani wana desturi ya zamani ya bendi za matarumbeta kanisani zinazosoma nota kwa sauti yake halisi, wimbo uleule ulioko mbele ya waimbaji. Mzee yule alikuwa hivyo. Tarumbeta lilikuwa B flati kama letu, ila yeye ukimwambia C, vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye C ya kinanda. Hakuandika karatasi nyingine. "Sisi tunasoma na kwaya kitabu kimoja," alisema, "ndiyo maana hatugombani." Kisha akauliza, "Nyie wimbo wa taifa mlikuwa mnausomaje?"

Wenzangu wote wakaniangalia mimi. Nikasema, "Tulikuwa tunapandisha, mzee." Mara ya pili hiyo.

Haya, turudi Jumanne. Unaona kilichoninyima usingizi? Kitu nilichomweleza dogo kwa dakika mbili, bila hata kuzima filamu niliyokuwa naangalia, ndicho nilichoshindwa kumweleza rafiki yangu kwa miaka sita. Na nilikijua vizuri muda wote.

Alhamisi mchana nikampigia. Siku hizi anasomea ualimu mkoani. "Oya, msomi wa Mlimani!" Nikamwambia nina jambo, kaa chini. Nikaeleza kila kitu, karatasi, mechi, kitufe cheusi, mzee. Nilikuwa nimejiandalia sababu za utoto na nini, nikaziacha.

Kimya. Nikasikia daladala inapita upande wake, konda anaita abiria.

"Kwa hiyo F yangu ilikuwa F."

"Ilikuwa F."

"Ulijua lini?"

"Usiku uleule."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Halafu akasema, "Sawa." Akakata.

Sikumpigia tena. Niliona sina haki ya kumharakisha. Ijumaa sikula vizuri, roommate wangu akadhani nimeachwa na mtu.

Jumapili asubuhi ikaingia meseji: "Nimejaribu leo kabla sijaongea na mtu. Nimetoa F, nikapima kwenye simu. Imeshuka kidogo. Ila ni F."

Basi. Hakuna "nimekusamehe", hakuna "usijali". Nimeisoma mara nyingi kuliko noti zangu za semista hii. Nikajibu, "Ni F." Hajaandika kitu tena.

Amebaki mwalimu. Namba yake ya zamani haipatikani, lakini najua kwake, ni mwendo wa nusu saa kutoka stendi. Likizo nikipanda nyumbani nitakwenda. Nitamwambia kwamba chuma hakikudanganya, ni kweli, na koo nalo halikudanganya. Aliyeshika karatasi ndiye aliyedanganya.

Niishie hapo wadau, kesho nina test saa mbili asubuhi na sijafungua hata kurasa ya kwanza. Dogo yuko chini kwenye ngazi anafanya mazoezi, watu wanamfokea kutoka madirishani. Anapiga D. Naisikia kabisa, inatoka C.