Mafiga ya Lubero

Tulitoka Butembo alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni, tukaishika barabara ya kusini iendayo Lubero. Njiani tulivuka Ikweta. Msomaji asiyeijua nchi hii angedhani kwamba hapo ndipo penye joto kali. Sivyo, maana sisi tulijifunika makoti. Lubero ni nchi ya juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na miteremko yake imelimwa toka bondeni hata kileleni: viazi, kabichi, vitunguu na maharagwe. Upande wa mashariki unasimama Tshiaberimu, yaani mlima wa mizimu, unaopita mita 3,000. Nyuma yake nchi inashuka hadi Ziwa Edward.

Katika mlima huo wamebaki gorila wachache sana. Mwaka 2024 waliongezewa wenzao wanne wa kike, waliokuwa wakilelewa katika kituo cha GRACE huko Kasugho, katika Lubero hii hii. Basi tulijiuliza: nchi yenye mambo kama haya, mbona wageni wake ni haba?

Sababu ya kwanza ni vita, nasi hatutaificha. Mwezi wa Juni 2024 waasi wa M23 waliutwaa mji wa Kanyabayonga, ulio mlango wa kusini wa Lubero. Lakini iko sababu nyingine, ambayo hata siku ya amani itatuumiza tusipoitazama mapema.

Mbuga ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925. Katika miaka yake mizuri ya karibuni, wageni wake waliotegemewa hasa walitoka Ulaya na Marekani, wakalipa dola 400 wapate kuwatazama gorila. Mwezi wa Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa na mlinzi mmoja wa kike akauawa. Mbuga ikafungwa hata Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Kila mlango ulipofungwa, mpagazi, mpishi, dereva na muuza mboga walikosa riziki siku ile ile.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, mamia ya watalii wa nchi hiyo walikwama Zanzibar, nao wenye hoteli wakaona jinsi soko la mbali linavyoweza kukatika kwa usiku mmoja. Rwanda nayo, wageni wa ng'ambo walipokoma mwaka 2020, iliwapunguzia raia wake bei ya kuona gorila kutoka dola 1,500 hadi dola 200, ili nyumba isikae tupu.

Tulipumzika kando ya njia, mahali mama mmoja alipokuwa akichemsha viazi. Chungu chake kilikaa juu ya mawe matatu, nasi tukaikumbuka methali ya wazee: figa moja haliinjiki chungu. Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua vema maana yake. Hawauzi kahawa tu. Huuza pia maganda ya kwinini na utomvu wa mapapai, nao hufuata bidhaa hata Dubai na China. Soko moja likilala, jingine linawaamsha. Kwa nini utalii usifuate akili hiyo?

Figa la kwanza ni mgeni wa ng'ambo. Tusimdharau, ila tumtafute na katika nchi nyingine, kama China na India. La pili ni jirani. Kutoka Kasindi, Uganda ni hatua moja tu. Tena tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mlima Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109, ni wetu sote, nayo njia ya kuupanda upande wetu huanzia Mutwanga. La tatu ni mwana wa nyumbani. Ni watoto wangapi wa shule za Butembo na Beni waliokwisha kumwona gorila? Mtoto aliyemwona hatakuwa mwindaji wake kesho.

Hatusemi kwamba mafiga matatu yatazima vita. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,000 huku kwetu, ilitufundisha kwamba ziko siku ambazo kila mgeni hukimbia. Chungu huhitaji kwanza uwanja mkavu, yaani amani. Lakini amani itakapokuja, tusiketi kungoja ndege itokayo upande mmoja wa dunia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Jioni ukungu ulirudi juu ya Lubero. Tulimnunulia mama yule viazi vya kutosha, tukashika njia ya Butembo. Siku ile tulikuwa wageni wake sisi, watu wa jirani. Na pesa yetu, ingawa ndogo, iliingia katika chungu chake.