Hazionani: Neno Moja Katikati ya Uwanja

Miongoni mwa kauli zote za kitenzi cha Kiswahili, ninayoienzi kuliko zote ni kauli ya kutendana. Kiambishi chake ni kifupi, lakini mzigo wake ni mkubwa. Anayeona aweza kuwa mmoja. Wanaoonana ni lazima wawe wawili, na kila mmoja ni mtenda na mtendwa kwa wakati uleule. Ndugu zetu Wabena, Wahehe na Wakinga nao wanayo katika lugha zao, maana ni urithi wa Kibantu. Hata hivyo, sikutarajia kuikuta ikifanya kazi ya ufundi wa kompyuta, tena katika uwanja wa michezo wa shule, Makambako.

Makambako ni mji uliozoea kuunganisha. Hapo barabara ya Njombe na Songea huchepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Hapo pia ipo stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kutoka Njombe mjini, ninakofundisha, ni mwendo wa takribani kilomita 60. Nilialikwa huko kutangaza matokeo ya riadha katika mashindano ya shule za sekondari.

Mstari wa kumalizia mbio ulikuwa upande mmoja wa uwanja. Kompyuta ya matokeo, printa na kipaza sauti vilikuwa upande wa pili, chini ya turubai kando ya madarasa, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na umeme. Kati ya pande hizo palikuwa na mita zipatazo 200. Desturi ni kwamba mwanafunzi mmoja hukimbia na karatasi mkononi, na msomaji anaweza kukisia yanayoipata karatasi njiani: jasho, manyunyu, mwandiko wa haraka. Kanuni za riadha za kimataifa humpa mlalamikaji dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Matokeo yakitangazwa wakati magari ya kurudi vijijini yamekwisha kuwasha injini, dakika hizo zitamfaa nani? Kwa kijana wa shule ya mbali, kuitwa au kutoitwa jina siku hiyo ndiko kuingia au kutoingia katika kikosi cha wilaya.

Safari hii waandaaji walimleta fundi kijana aziunganishe kompyuta mbili, moja kila upande. Nilimuuliza kwa nini asitandaze waya tu. Alinieleza kwa upole kwamba waya wa shaba wa mtandao una kikomo cha mita 100 kwa kipande kimoja. Ukitaka kuvuka hapo, sharti uweke swichi katikati, nayo yahitaji umeme, na katikati ya uwanja hakuna umeme. Faiba hufika kilomita nyingi, lakini huwezi kuilaza juu ya nyasi zinazokanyagwa na mamia ya wanafunzi, itakupasa uchimbe. Kwa hiyo alisimamisha nguzo mbili, akafunga antena ndogo juu ya kila moja, zikaelekeana. Ile ya mbali aliiwasha kwa betri.

Hazikuungana. Fundi akaanza kueleza sababu, na kila alipofika kwenye kiini cha jambo Kiswahili kilimtoka, akashika maneno ya kigeni. Mwalimu mtunza kumbukumbu, mama anayekaribia kustaafu, alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hebu niambie kwa Kiswahili. Zina nini hizo?"

Kijana akafikiri kidogo. "Mama, hazionani."

Yule mama akainuka papo hapo. Alikwenda kwenye nguzo, akasimama nyuma yake na kutazama kule antena ilikoelekea. Katikati ya njia palikuwa na lori lililoleta wanafunzi, limeegeshwa kando ya uwanja.

"Lakini juu ya lori naiona ile antena nyingine," nikasema.

Fundi akatabasamu. "Mwalimu, jicho linatosheka na tundu. Mawimbi yanataka nafasi." Akaeleza kwamba mawimbi ya redio hayapiti kama uzi uliovutwa. Njia yao hutanuka kama kiazi kirefu, nyembamba kwenye ncha mbili na nene katikati. Kwa masafa ya gigahezi 5 na umbali wa mita 200, tumbo hilo hufikia karibu mita 1.7 kila upande wa mstari. Eneo hilo hubeba jina la Fresnel, Mfaransa aliyechunguza mwanga na kufariki mwaka 1827. Paa la lori lilikuwa limezama ndani ya tumbo.

"Kumbe basi zinachunguliana tu," akasema mama.

Nilitamani kuandika neno hilo pale pale. Kuonana, kuchunguliana: kwa vitenzi viwili alikuwa ametenganisha hali mbili ambazo fundi alizieleza kwa sentensi nyingi. Dereva aliitwa, lori likasogezwa, na kompyuta zikasomana. Ukungu ulipoanza kushuka niliingiwa na wasiwasi, lakini fundi alinituliza: mawimbi yale yana urefu wa sentimita 6 hivi, na vitone vya ukungu ni vidogo mno kuyazuia.

Alasiri, katika mbio za wasichana, namba 16 iliandikwa 61 pale mstarini. Kompyuta haikuzuia kosa. Ililisafirisha kwa kasi kuliko karatasi. Lakini orodha ilitangazwa mapema, kocha wa msichana akasikia jina halimo, akapinga, na mwamuzi akasahihisha kabla gari lolote halijaondoka. Nilipolisoma jina lake mara ya pili alikuwa amekwisha kuvaa sweta la safari.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima upya maneno yetu ya fani hii. "Mtandao" limetokana na kutanda, ukoo mmoja na utando wa buibui na mtande wa mfumaji. "Wavuti" lina wavu wa mvuvi ndani yake. "Tarakilishi" lilibuniwa kwa ustadi, lakini mtaani na darasani "kompyuta" ndilo lililotawala, nami sioni haja ya kugombana nalo. Neno lililosanifiwa hungoja kukubaliwa. Kitenzi kilichonyambuliwa hueleweka kinapotamkwa. Yule mama alijua lori liliko na dereva wake ni nani. Alichokosa kwa muda ni mlango wa kuingilia katika mazungumzo, na mlango huo ulifunguliwa na silabi tano: ha-zi-o-na-ni.

Nawaletea basi mapendekezo mawili, wanamashairi na wanaisimu. Njia iliyo wazi kati ya antena mbili tuiite "mwonano". Na lile eneo lililonenepa katikati tuliite "tumbo la mawimbi". Mwenye neno bora na alilete, mradi liwe neno ambalo mtunza kumbukumbu akilisikia mara moja atainuka kitini na kwenda kutazama.