Sigara Zetu Ziliishia Kahe

Mwaka 1982 treni ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kahe asubuhi, na hapo sisi wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulizima sigara za mwisho. Moshi mjini ilikuwa imebaki karibu kilomita 20. Tulinunua machungwa kwa kina mama waliouza dirishani, tukatafuna hadi maganda, tukasukutua vinywa na kubadilisha mashati. Babu zetu kule Kibosho na Marangu walinusa ugoro mchana kutwa bila kusemwa na mtu. Lakini sigara mdomoni mwa kijana aliyesomeshwa kwa kahawa, mbele ya mzee wake? Huo ulikuwa utovu wa adabu.

Wengi hatukuanzia chuoni, tulianzia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Katika kambi yetu mvutaji aliruhusiwa kuweka jembe chini kidogo. Asiyevuta aliendelea kulima. Kisha Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watu wafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu, kwa hiyo tuliingia Mlimani tukiwa watu wazima, tumeshazoea mshahara na pakiti mfukoni.

Ila naamini kilichotunasa hasa ni uhaba. Sigara, kama sukari na sabuni, ilipatikana kwa foleni au kwa magendo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na bado sigara za huko zilipenya kupitia Taveta hadi Kahe. Bwenini kipisi kimoja kilizunguka chumba kizima. "Niachie pafu, ndugu yangu." Kumnyima mtu pafu ilikuwa kumkana, na kulikataa ulilopewa ilikuwa kujitenga. Hata wasio na senti walinaswa hivyo.

Watafiti wa Uingereza walishaonyesha tangu 1950 kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Sisi tulijadili ubeberu hadi usiku wa manane, moshi umejaa chumbani, na sigara yenyewe hatukuihoji. Kiwanda cha sigara kilikuwa cha umma, tumbaku ya Urambo ilileta fedha za kigeni, nani angeishuku?

Mwenzangu wa chumba alifariki kwa saratani ya mapafu kabla ya kustaafu. Msibani mama yake alituambia kwamba alikuwa akiisikia harufu ya sigara kwenye nguo za mwanawe tangu likizo ya kwanza, na hakumgombeza kwa sababu aliamini chuo kisingewaachia watoto wa watu kitu cha kuwadhuru.