Kadi Mbili Ubaoni: Kufundisha Kulinganisha kwa Tarakimu

Mwanachuo akiulizwa kipi ni bora kati ya vitu viwili, mara nyingi macho yake hukimbilia tarakimu iliyo kubwa. Akiisha kuiona, huweka kalamu chini na kudhani kwamba kazi ya kulinganisha imekwisha. Tabia hii ni ya hatari kwa mwalimu mtarajiwa. Kesho atakabidhiwa fedha chache za shule anunue vifaa, na kila mwisho wa muhula atalinganisha watoto wa watu. Madhumuni ya makala haya ni kueleza somo ambalo nimelitumia darasani kuitibu tabia hiyo, nikichukua kadi mbili za picha za kompyuta kuwa mfano.

Kadi ya picha ni kile chombo ndani ya kompyuta kinachokokotoa picha zinazoonekana kwenye kioo. Nilichagua GeForce GTX 1060 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2016, na Radeon RX 580 ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2017. Si kadi mpya tena. Hata hivyo ziliuzwa kwa wanunuzi wa aina moja, sifa zake zinajulikana, na hesabu yake haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Aidha, chuo chetu kilikuwa na fedha za kununua kadi moja tu iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya kompyuta ya kutayarishia filamu za masomo. Kwa hiyo jibu la darasa lilikuwa na uzito.

Ubaoni niliandika hivi:

GTX 1060: viini vya kukokotoa 1,280, megahezi 1,708, kumbukumbu gigabaiti 6, njia ya kumbukumbu biti 192, wati 120.
RX 580: viini vya kukokotoa 2,304, megahezi 1,340, kumbukumbu gigabaiti 8, njia ya kumbukumbu biti 256, wati 185.

Sikuwapa wanachuo uwezo wa kinadharia wa kadi hizi. Niliwataka waujenge wenyewe. Kila kiini huweza kuzidisha na kujumlisha katika pigo moja la saa ya kadi, yaani hesabu mbili. Basi kwa kadi ya kwanza tunazidisha 1,280 kwa 2, kisha kwa mapigo bilioni 1.708 ya kila sekunde. Tunapata takriban hesabu trilioni 4.37 kwa sekunde. Kwa kadi ya pili, 2,304 mara 2 mara bilioni 1.340 ni takriban trilioni 6.17. Radeon imezidi kwa asilimia 41.

Hapo darasa lilitaka kupiga kura. Niliwaomba wavumilie, nikaongeza mstari mmoja: sehemu za kuandika nukta za picha, 48 katika GTX 1060 na 32 katika RX 580. Wakizidisha tena kwa mapigo, ya kwanza ilipata nukta bilioni 82 kwa sekunde na ya pili bilioni 43. Kadi iliyoshindwa sasa ilikuwa karibu mara mbili ya mshindi wake. Mwanachuo mmoja akalalamika, “Mwalimu, karatasi moja inasemaje maneno mawili?” Hilo ndilo swali nililolitaka, na niliacha wenzake wamjibu. Mmoja alisema kwamba mwenye meko kumi na sufuria moja hupika chungu kimoja tu. Sikuona haja ya kuongeza maelezo marefu juu ya jibu hilo.

Uwezo wa kinadharia ni kikomo cha juu. Unachukulia kwamba kila kiini kina kazi katika kila pigo, wala hakuna kinachosubiri data kutoka kwenye kumbukumbu. Njia ya kumbukumbu ya GTX 1060 hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde. Ya RX 580, gigabaiti 256. Hapa nyongeza ni asilimia 33, pungufu ya ile 41 ya viini. Ndiyo maana wapimaji walipoziendesha kadi hizi katika michezo ya kompyuta walizikuta zikikaribiana sana: mchezo huu uliipendelea moja, mchezo ule ukaipendelea nyingine. Ile asilimia 41 haikuonekana kama ilivyoandikwa.

Baada ya hapo tuliuliza kazi yenyewe. Nilitaka kila kundi litaje shughuli kwanza, kisha kipimo kinachoihusu. Kwa picha kubwa zenye kuhitaji gigabaiti 7, ile kadi yenye 8 ina nafasi na nyingine haina. Kwa programu iliyoandikwa kutumia mfumo wa CUDA wa NVIDIA peke yake, viini vyote vya Radeon havisaidii. Kwa umeme, tofauti ya wati 65 katika kazi nzito ya saa 6 kwa siku 20 ni uniti 7.8. Hali kadhalika jina peke yake halitoshi: ipo GTX 1060 ya gigabaiti 3 yenye viini 1,152, na ipo RX 580 yenye viini 2,048. Mnunuzi asiyesoma mstari wa pili anaweza kulipia kadi asiyoikusudia.

Darasa lilipendekeza GTX 1060 ya gigabaiti 6, kwa kuwa kisambaza umeme cha kompyuta yetu kilikuwa kidogo na programu yetu ya filamu ilitumia CUDA. Lakini pendekezo lile lilikuwa na aya ya pili, ambayo niliithamini kuliko ya kwanza: waliandika wazi kile ambacho chuo kingekosa, yaani gigabaiti 2 za kumbukumbu na wingi wa viini.

Wakufunzi wenzangu, jumla ya alama za mtoto nayo ni zao la namna hii. Asha mwenye 61 na Juma mwenye 54 wamepangwa kwa tarakimu moja, ingawa huenda mmoja anasoma vizuri na mwingine anapima vizuri. Mwalimu aliyezoea kuuliza “bora kwa kazi gani?” mbele ya kadi mbili atauliza vivyo hivyo mbele ya daftari mbili. Napendekeza somo hili lifundishwe kwa utaratibu ule ule: wanachuo wajenge tarakimu wenyewe, watafute kipimo kinachoipinga, wataje kazi, na mwisho waandike walichochagua pamoja na walichokiacha.