Ngarenanyuki: Mahali Ambapo Kuchemsha Maji Hakutoshi

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, unapita Tengeru penye soko kubwa la ndizi, unapita Usa River, na punde unafika kwenye mto wenye maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Mto huo ndio ulioipa sehemu hiyo jina lake, Maji ya Chai. Sisi akina mama sita wa kikundi cha afya cha usharika wetu tulishuka kuutazama, kisha tukarudi njia panda ya Usa River kupanda gari la kwenda Ngarenanyuki. Jina hilo nalo limetoka kwenye maji, maana kwa Kimaasai ni maji mekundu.

Njia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Twiga walisimama kando ya barabara wakitutazama kama wenyeji wanaopokea wageni. Kwa mbali tuliona Maziwa ya Momella na flamingo wake. Ni nchi nzuri kweli, na mbele ya hifadhi kuna mashamba ya nyanya na vitunguu. Tulikumbuka wale watu wa Yeriko waliomwambia nabii Elisha kwamba mji wao ni mzuri, ila maji yake ni mabaya.

Akina mama wenyeji walitupokea kwa nyimbo. Binti mmoja wa darasa la sita aliimbisha vizuri sana, lakini kila alipomaliza ubeti alifunika mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia. Mama yake alituambia kwamba watoto wanaotoka mbali humcheka kuwa hapigi mswaki. Kisha akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Dada nesi, sisi maji tunachemsha kila siku. Mbona meno ya watoto bado yanaharibika?"

Tukaeleza hivi. Mlima Meru ni mlima wa volkeno. Maji yanapopita katika mawe na majivu yake huchukua madini yaitwayo floridi. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, nalo hutoka na madoa. Mtu akiinywa kwa wingi miaka mingi, mifupa nayo hudhurika: mgongo hukakamaa, viungo huuma, na watoto wengine hupinda miguu. Kwa hiyo binti yule si mchafu, na mzee aliyepinda mgongo kwa sababu hii hakulogwa wala hakulaaniwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mito ya Maji ya Chai na Ngarenanyuki imepimwa ikakutwa na zaidi ya miligramu 10, na Maziwa ya Momella yana mamia. Shida hii haikuanza jana. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda maji ya vijijini yenye hadi miligramu 8, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine.

Rangi ya mto isitudanganye. Floridi haionekani wala hainukii, na maji meupe ya chemchemi yanaweza kuwa nayo. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, nasi tusiache kuchemsha. Lakini floridi haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki yote, na yale yaliyosalia yanakuwa makali zaidi. Risasi nayo ni vivyo hivyo, haiondoki kwa kuchemsha.

Mama mmoja mwenye mimba kubwa akauliza, "Sasa huyu wa tumboni nimfanyeje?" Hapo ndipo penye tumaini. Meno yaliyokwisha kuota na madoa hayarudi kuwa meupe kwa dawa ya mswaki. Lakini meno mengi ya ukubwani huumbika tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane. Hiyo ndiyo miaka ya kulinda, na mama anaweza kuanza hata kabla kijiji hakijapata bomba jipya.

Kwanza, nyonyesha. Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floridi nyingi. Mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo.

Pili, tenga maji ya mtoto. Ukiwa na pipa moja tu la maji ya mvua, usilimalizie kwenye kufua. Yawe ya kunywa na ya kupikia uji wa wadogo. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, funika pipa, na uyachemshe. Usikinge penye bati la rangi ya zamani inayobambuka, kwani rangi nyingine zina risasi.

Tatu, punguza magadi. Tumezoea kulainisha maharage na makande kwa magadi, lakini magadi mengi yana floridi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva. Chai ya majani pia ina floridi, hivyo mdogo asipewe kila mara.

Nne, pimeni maji. Chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana sana. Kikundi kipeleke ombi kwa wataalamu wa maji wa wilaya, ijulikane ipi ni ya kunywa na ipi ni ya kufulia.

Ipo pia chujio ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru na kusagwa. Floridi hunasa humo. Utafiti wake umefanyika hapa karibu, katika kituo cha Ngurdoto, na kule Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mifupa hiyo huchoka, hivyo lazima ibadilishwe kwa wakati. Si kazi ya kukisia jikoni, bali ni ya kikundi chenye mtaalamu.

Kabla hatujaondoka, akina mama wa Ngarenanyuki walikubaliana kuchangishana kwa zamu ili kila nyumba yenye mtoto mchanga ipate pipa na mfereji wa bati. Wa kwanza awe yule mama mjamzito. Elisha hakuishia kuwahurumia watu wa Yeriko, alikwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Nasi wanawake, ambao ndoo iko kichwani petu kila siku, tuulize maji yetu yana nini. Tukiuliza wengi kwa pamoja, wenye dhamana watasikia.